Sindano za mikunjo Lubumbashi: kichupa kwanza, bei baadaye

Mjini Lubumbashi neno "botox" lina maana mbili, na mkanganyiko huanzia hapo. Ile ya saluni, wanayoiita botox ya nywele, ni krimu ya kulainisha na kung'arisha nywele. Haina uhusiano wowote na dawa ya sindano isipokuwa jina. Tunayoipima hapa ni dawa yenyewe: botulini ya aina A, inayochomwa usoni ili kutuliza misuli inayokunja ngozi. Ni dawa ya daktari, hata kama inauzwa kwa maneno matamu ya vipodozi.

Tuitoe hukumu yetu mapema. Dawa hizi, zikiwa halisi na zikichomwa na mkono unaojua, zinafanya kazi, na kwa ndita za katikati ya nyusi ni vigumu kupata kingine kinachozifikia. Kinachoharibu huduma hii katika mji wetu ni vitu viwili: baridi iliyokatika njiani na maji yaliyozidi ndani ya kichupa. Mteja huhangaika kuulizia bei ilhali angepaswa kuulizia frigo. Tungelazimika kuchagua dawa moja kwa ajili ya Lubumbashi, tungechukua Bocouture, na sababu si ubora wa matokeo usoni.

Kwanza, inafanya nini. Neva inapotaka msuli ujikaze, humwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Botulini huingia kwenye ncha ya neva na kuzuia kemikali hiyo isitoke. Msuli haupati amri, unalala, na ngozi iliyo juu yake inatulia. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya siku 1 hadi 3, hukamilika kwenye wiki ya pili, na hudumu miezi 3 hadi 4. Anayekuahidi mwaka mzima kwa sindano moja, ondoka. Waliofungua njia ya matumizi haya ni mke na mume wa Vancouver, Kanada, Jean na Alastair Carruthers. Mke, daktari wa macho, alikuwa akiwachoma wagonjwa wenye kope zinazojikaza zenyewe, na mgonjwa mmoja akaona ndita zake zimepotea. Marekani iliidhinisha Botox kwa ndita mwaka 2002, kwa mikunjo ya pembeni mwa macho mwaka 2013, na kwa paji la uso mwaka 2017.

Kwa ngozi nyeusi, mikunjo inayoletwa na jua huchelewa kuja kwa sababu rangi yenyewe ni kinga. Inayotangulia mara nyingi ni ile ya kukunja uso: ndita mbili zilizosimama kati ya nyusi, zinazompa mtu sura ya hasira hata akiwa ametulia. Hapo ndipo dawa inapolipa zaidi. Kuna kipimo rahisi mbele ya kioo. Kunja ndita, kisha achia uso kabisa. Mstari ukifutika, dawa itaumaliza. Ukibaki umechorwa hata usipokunja, dawa itaupunguza tu, na huenda ikahitaji kurudiwa mara mbili au tatu kabla ngozi haijapata nafasi ya kujinyoosha. Mifereji inayotoka puani kuteremka hadi pembe za mdomo, mifuko ya chini ya macho, madoa ya jua na ngozi iliyochakazwa na krimu za kujichubua si kazi ya dawa hii, na daktari mkweli atakwambia hivyo bila kuona haya.

Sasa vichupa. Bidhaa zinazokuja na maandishi ya Kifaransa hutumia majina ambayo si yale ya mitandao. Botox ya usoni huitwa Vistabel, Dysport huitwa Azzalure, na Xeomin huitwa Bocouture. Mteja anayeambiwa "hii si Botox, ni Vistabel" asihofu, ni dawa ileile ya kiwanda cha Allergan. Cha kuhofia ni pale vipimo vinapochanganywa. Uniti 20 za Vistabel au Bocouture kwa ndita hulingana na uniti 50 za Azzalure kwa kazi hiyohiyo, kwa sababu kila kiwanda kina kipimo chake na uniti hazibadilishani. Mtu anayetangaza "uniti 50 kwa bei ya 20" huenda ana Azzalure mkononi na hajakupa ziada yoyote. Azzalure pia inaweza kuwa na mabaki ya protini ya maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo mwenye mzio wa protini hiyo asichomwe hiyo. Na wale wanaokunywa maziwa yakawafanya waharishe tu, hilo ni jambo jingine kabisa, wamweleze daktari watofautishe.

Vistabel na Azzalure zinataka kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, sawa na chanjo nyingi za watoto. Kila muuguzi wa kituo cha afya anajua maana yake: boksi la baridi, barafu, kipimajoto. Mzigo unaotoka Ulaya hupitia Addis Ababa, Nairobi au Johannesburg ndipo ufike uwanja wetu wa ndege wa Luano, na ukishatua bado kuna forodha, gari, na frigo ya kliniki. Umeme ukikatika mchana kutwa na jenereta haikuwashwa, frigo ya kawaida hupanda taratibu bila mtu kuona. Kesho yake unga ndani ya kichupa unaonekana vilevile. Dawa iliyokufa haina harufu wala rangi. Utaijua siku ya 14, uso ukiwa unajikunja kama jana.

Hii ndiyo sababu ya kuipa Bocouture nafasi ya kwanza. Kabla haijafunguliwa inavumilia chumba cha kawaida, mradi joto lisizidi nyuzi 25. Angalia vizuri: 25. Mwezi wa sita na wa saba, mji ukiwa na baridi yake, rafu ya ndani inatosha. Mwezi wa kumi, joto likipita nyuzi 30, rafu hiyo haifai tena, na kichupa kilichoachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani kimekwisha. Hata hivyo, saa chache za umeme kukatika haziiui kama zinavyoweza kuwaua wenzake. Ikishachanganywa na maji, upendeleo huo unaisha: lazima irudi frigo, itumike ndani ya saa 24, sawa na Vistabel.

Kabla ya kulipa, omba kuona frigo. Unatafuta vitu vitatu tu: kipimajoto kinachoonyesha cha juu na cha chini, karatasi yenye vipimo vya asubuhi na jioni, na dawa iliyokaa katikati ya frigo, si mlangoni karibu na chupa za maji ya kunywa. Ukikuta soda na mikate humo ndani, usiendelee.

Kisha kichupa kifunguliwe mbele yako. Sentensi inatosha: "Docta, naomba nione kichupa kabla hujakichanganya." Daktari anayejiamini hatakasirika. Kofia ya plastiki iwe bado imefunga. Soma jina, uniti, tarehe ya mwisho na namba ya loti, na ulinganishe namba hiyo na ya boksi. Ndani utaona karibu hakuna kitu: utando mweupe mwembamba sana chini, wakati mwingine hata hauonekani vizuri. Hilo ni kawaida, dawa yenyewe ni kidogo mno na kinachoonekana hasa ni chumvi na albumini, protini inayoishikilia. Vistabel na Bocouture zimefungwa bila hewa ndani, kwa hiyo sindano ya maji ikitoboa kizibo, maji huvutwa yenyewe kuingia. Yasipovutwa, kichupa kimeshaingia hewa na kinatakiwa kutupwa. Ni sekunde mbili za kutazama, na zinakwambia zaidi ya cheti kilichotundikwa ukutani. Kichupa hakitikiswi kama dawa ya kikohozi. Kinazungushwa taratibu, na maji yanapaswa kuwa maangavu, bila chembe.

Maji yenyewe ni seramu ya chumvi ya asilimia 0.9, na wingi wake ndio moyo wa mambo yote. Kichupa cha Vistabel au Bocouture cha uniti 50 huzimuliwa kwa mililita 1.25. Cha uniti 100 huzimuliwa kwa mililita 2.5. Zote mbili hutoa uniti 4 kwa kila mililita 0.1. Azzalure ya uniti 125 huchukua mililita 0.63 au 1.25. Madaktari wengine wana vipimo vyao, na hilo si kosa, mradi wakuambie na hesabu yao ifunge. Kosa ni kumwaga mililita 5 kwenye kichupa cha 100. Hapo kila tone lina nusu ya dawa, mteja analipia uniti 20 anapata 10, na yale maji ya ziada yanaitawanya dawa hadi kwenye misuli isiyohusika. Analegea pasipotakiwa, na panapotakiwa nguvu inarudi baada ya wiki chache.

Hapa kuna mtego ambao hata wahudumu wazoefu huingia. Wengi huchomea kwa bomba la insulini, kwa kuwa sindano yake ni nyembamba na halibakizi dawa kwenye shingo ya bomba. Bomba hilo la mililita 1 lina mistari 100 iliyoandikwa "uniti", lakini ni uniti za insulini. Kwa mchanganyiko wa kawaida, mistari 10 ya bomba hilo ni uniti 4 tu za Vistabel. Ndita nzima, uniti 20, ni mistari 50. Ukiona mhudumu anavuta mpaka mstari wa 20 na kusema "hizi ndizo uniti zako 20", umepata 8. Hesabu mwenyewe, bomba lishikwe juu ya mwanga, wala usione aibu.

Kwa kipimo: ndita huchukua uniti 20 katika nukta 5, uniti 4 kila moja. Pembeni mwa macho ni uniti 24, yaani 12 kila upande, nukta 3. Paji la uso ni uniti 20 katika nukta 5, na huchomwa pamoja na ndita, si peke yake. Vyote vitatu ni 64. Wanaume wenye misuli minene mara nyingi huhitaji zaidi. Kwa mtu anayetaka ndita na macho tu, kichupa cha 50 kinamtosha na zinabaki 6. Kwa mji huu tunashauri vichupa vya 50 kwa sababu hiyo: kimoja, mtu mmoja, siku moja. Viwanda vyenyewe vinaandika kwamba kichupa ni cha mgonjwa mmoja. Kliniki inayogawa cha 100 kwa watu watatu, kisha ikamwita wa nne wiki ijayo, inamchoma wa nne dawa dhaifu kutoka kwenye kizibo kilichotobolewa mara nyingi.

Kazi yenyewe ni fupi. Vipodozi vinafutwa vyote, picha zinapigwa uso ukiwa umetulia na ukiwa umekunjwa, nukta zinachorwa kwa penseli nyeupe, maana ya buluu haionekani vizuri kwenye ngozi yetu. Ngozi inapakwa alkoholi na kuachwa ikauke kabisa. Alkoholi yenye majimaji inachoma na inaweza kuidhoofisha dawa. Sindano ya geji 30 au nyembamba zaidi, barafu kidogo, dakika kumi umemaliza. Baada ya hapo shinikizo la pamba, bila kukanda. Usilale wala kuinama sana kwa saa 4, usisugue uso, usifanye mazoezi mazito siku hiyo. Na kwa akina mama: usiende kusuka siku ileile, usikae chini ya mashine ya moto ya kukausha nywele, na kilemba kisifungwe kwa kubana paji la uso. Uso unaokandamizwa unaisukuma dawa mahali ambapo haikuchomwa.

Mabaya yanayotokea. Kichwa kuuma na alama ndogo ya damu ni vya kawaida, vinapita. Kinachotisha watu ni kope la juu kulegea hadi jicho linaonekana nusu. Katika majaribio ya Botox kwa ndita lilionekana kwa karibu watu 3 kati ya 100. Sababu ni dawa kuteremka hadi kwenye msuli unaonyanyua kope, na hutokea nukta za pembeni zinapochomwa chini mno, au maji yanapokuwa mengi. Kinga yake ni kuchoma angalau sentimita 1 juu ya ukingo wa mfupa wa jicho, sindano ikielekea juu, kidole gumba cha mkono mwingine kikibana mfupa. Mtazame daktari: kidole gumba kikiwa hakipo, muulize. Likishatokea, matone ya apraklonidini ya asilimia 0.5 yanaweza kuinua kope milimita moja au mbili huku mkisubiri, kwani litarudi lenyewe baada ya wiki kadhaa. Daktari makini anajua matone hayo yako farmasi gani kabla hajashika sindano.

Nyusi zote zikiwa nzito na kuteremka, paji la uso limechomwa chini sana au kwa wingi. Huyu ni mara nyingi mtu ambaye kope zake tayari zilikuwa nzito na alikuwa akizibeba kwa paji la uso bila kujua. Msuli wa kumsaidia ukalazwa. Kinyume chake, ncha ya nje ya unyusi ikipaa kama mtu anayeshangaa, sehemu ya pembeni ya paji iliachwa bila dawa. Uniti 1 au 2 pale zinaishusha.

Wasiochomwa: mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kidonda au uvimbe mahali pa sindano, na mwenye ugonjwa wa misuli kuchoka kama miastenia. Kuna jingine tunaloliona linasahauliwa sana: gentamisini. Antibayotiki hii na ndugu zake huongeza nguvu ya botulini. Ukiwa umeanza sindano za gentamisini, au ukitibiwa malaria kwa kinini, mwambie daktari na muahirishe. Mikunjo itasubiri. Aspirini uliyoandikiwa na daktari wa moyo usiiache kwa ajili ya alama ya damu.

Bandia zipo, na si jambo la kudhania. Mwaka 2024 Marekani iliwapata wagonjwa katika majimbo kadhaa walioonyesha dalili za botulizimu, yaani sumu ya botulini kuenea mwilini, baada ya kuchomwa Botox bandia au kuchomwa na wasio na leseni, baadhi yao majumbani. Mamlaka ya dawa ya huko ilionya kuhusu maboksi yaliyoandikwa uniti 150, kipimo ambacho Allergan haikitengenezi. Kwa Botox kumbuka 50, 100 na 200. Hapa kwetu, uliza dawa imeingia kwa njia gani na kama ina kibali cha ACOREP, mamlaka ya dawa ya Kongo, na uliza namba ya daktari katika Orde, chama rasmi kinachosajili madaktari. Kichupa kilichovuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia ndani ya mkoba wa mtu hakina historia ya baridi, hata kama ni halisi. Mkifika nyumbani na dalili hizi zikaanza, saa au hata wiki baadaye: kumeza kwa shida, kuona vitu viwiliviwili, sauti kubadilika, pumzi kuwa fupi, nendeni hospitali kubwa yenye mashine ya kupumulia, tena haraka, mkiwa na picha ya kichupa. Usingoje asubuhi.

Kuhusu wachomaji wanaokuja mjini kwa wikendi, wanapanga chumba cha hoteli huko mtaa wa Golf na kuondoka Jumapili: hata akiwa na mkono mzuri, siku ya 14 hayupo. Kwa sababu hiyo tunawapa alama ya chini kuliko kliniki ndogo ya komuni za mji wetu, Kenya au Kampemba, yenye daktari anayekaa. Wanaotoka Kolwezi, kama kilomita 300 za barabara, wapange safari mbili kwenye bajeti tangu mwanzo, si moja.

Ukiambiwa ndita zako ni za kina hivyo ujazwe asidi ya hialuroniki hapohapo katikati ya nyusi, kataa. Sehemu hiyo ni kati ya zile za hatari zaidi kwa kujaza, kwa sababu dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kufika jichoni na kupofusha. Mahali popote pengine unapojazwa, hialuronidasi ya kuiyeyusha iwe ndani ya chumba kilekile, si farmasi ya jirani.

Siku ya 14 uketi mbele ya daktari yuleyule na picha za mwanzo zikiwa mezani. Kunja ndita, nyanyua nyusi, funga macho kwa nguvu. Anatazama pande zote mbili, anaongeza uniti moja mbili penye upungufu, anaandika. Baada ya hapo uso hauguswi hadi miezi 3 ipite. Kama hakuna kilichobadilika kabisa, asiongeze kutoka kichupa cha zamani. Afungue daftari la frigo na kuitafuta namba ya loti. Ile stika ya loti, moja ibaki kwenye faili la kliniki na moja uibandike kwenye daftari lako.